Dukka ya kutwanga nyumbani: chambua kabla ya kinu

Toleo hili tunaingia jikoni. Chakula tunachotaka kuwaonyesha asili yake ni Misri, lakini vifaa vyake vingi tunavyo hapa hapa: karanga, mbegu, pilipili, chumvi na kinu. Wamisri wanakiita dukka. Siyo duka la kuuzia sabuni. Neno lao linatoka kwenye Kiarabu, maana yake ni kutwanga au kupondaponda. Ni mchanganyiko mkavu wa karanga au njugu nyingine, ufuta na viungo, vyote vikaangwe bila mafuta kisha vitwangwe, na vibaki na chembe. Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Cairo, aliitaja dukka katika kitabu chake cha mwaka 1836 juu ya maisha ya Wamisri, watu wakichovya ndani yake kila tonge la mkate. Mpaka leo wanafanya hivyo: mkate kwanza kwenye mafuta, halafu kwenye dukka.

Huku Rurambo mkate siyo wa kila siku. Haina shida. Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu au ndizi, ukivichovya kwenye mawese ya moto kidogo halafu kwenye dukka, vinaenda vizuri sana, na kwa maoni yetu kuliko mkate. Inanyunyizwa pia juu ya maharage, sombe na lengalenga. Siku ambayo ndagala hazikupanda kutoka ziwani, au zimepanda na bei ya kutisha, kijiko cha dukka juu ya sahani ya mtoto ni chakula cha kweli: karibu robo ya uzito wa karanga ni protini na karibu nusu ni mafuta.

Lakini kabla ya kuwasha moto kuna jambo moja, na ndilo lililotufanya tuandike habari hii. Unga unaficha. Karanga nzima unaiona: hii ni nzuri, hii ina ukungu, hii imetobolewa na mdudu. Ikishatwangwa pamoja na pilipili na viungo vinavyonukia, hakuna jicho wala ulimi utakaojua kilichoingia. Njo maana karanga mbovu, zile ambazo mnunuzi amezikataa, zinapenda kuishia kwenye kinu, kwenye mashine ya kusaga au kwenye uji wa watoto.

Sumu inayotuhangaisha inaitwa aflatoksini. Inatengenezwa na ukungu unaopenda karanga na mahindi, hasa yaliyokosa maji shambani, yaliyotobolewa na wadudu, au yaliyowekwa gharani bado mabichi. Ilijulikana mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Kwa majirani zetu imeua watu kupitia mahindi: Kenya mwaka 2004 wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125, Tanzania mwaka 2016, upande wa Dodoma na Manyara, walikufa 20. Vifo vya ghafla namna hiyo ni vichache. Hatari ya kila siku ni ile ya kula kidogo kidogo miaka mingi: sumu inaharibu ini na kuleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B hatari hiyo inazidi mara nyingi.

Na moto hauiondoi. Kukaanga kunapunguza sehemu tu, nyingine inabaki. Mama akisema "nimezikaanga vizuri, ukungu umekufa," kweli ukungu umekufa, lakini sumu yake ingali mule.

Basi tuanze kwenye maganda. Mavuno ya msimu A yanatukuta mvua ingali inanyesha, na usalama ukiharibika watu wanang'oa haraka na kufunga kwenye mifuko kabla jua halijafanya kazi yake. Tunalielewa hilo. Lakini karanga zikifungwa mbichi, zinaoza kimya kimya. Zitandazwe juu ya shitingi au mkeka, siyo juu ya udongo, zigeuzwe, zifunikwe jioni na mvua ikitisha, mpaka ukitikisa ganda usikie punje inagonga ndani. Ngozi nyekundu ikitoka kwa kusugua na vidole, na punje ikivunjika badala ya kupinda, zimekauka.

Kuna desturi moja ambayo tungependa iachwe kabisa: kunyunyizia maganda maji ili yalainike, kazi ya kubangua iwe nyepesi. Vidole vinapona, ndiyo. Wengine wanapenda pia kwamba mfuko unaongeza uzito. Lakini maji yale yanarudisha ukungu kwenye karanga iliyokwisha kukauka, na jasho la miezi minne linaharibika kwa siku chache. Kama vidole vinaumia, ushirika utafute mashine ndogo ya mkono ya kubangua, familia nyingi zitumie moja.

Sasa dukka yenyewe. Chukua karanga zilizobanguliwa glasi 2, ufuta glasi 1, giligilani ya punje vijiko 4 vya mezani, jira (wengine wanaiita bizari nyembamba) vijiko 2, pilipili manga kijiko 1 cha chai na chumvi kijiko 1 cha chai. Giligilani na jira zinapatikana kwa wachuuzi wa viungo mjini Uvira. Ufuta ukikosekana, tumia mbegu za maboga zilizokauka na kumenywa. Ladha inabadilika, lakini siyo kwa ubaya. Pilipili yetu kali iliyokaushwa inaweza kuingia pia, isipokuwa kwa watoto.

Mwaga karanga kwenye ungo mchana, nje, penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizoota, zenye rangi ya kijani, nyeusi au kijivu, na zenye tundu. Sumu haikai sawasawa kwenye mfuko mzima. Mara nyingi imejaa kwenye punje chache tu, na ndiyo sababu mkono wa kuchambua una nguvu kuliko watu wanavyofikiri.

Kisha kaanga kila kitu peke yake. Hapa wengi wanataka kufupisha, na hapa ndipo dukka inapoharibika, kwa sababu karanga inataka dakika kumi na zaidi, ufuta dakika chache, jira hata dakika mbili ni nyingi. Ukivichanganya, jira inaungua karanga ikiwa bado mbichi. Moto uwe wa makaa, mdogo, na usiache kukoroga. Ufuta ukianza kurukaruka na kupata rangi ya dhahabu, toa. Viungo vikianza kunukia nyumba nzima, toa haraka.

Karanga zikipoa kidogo, zisugue, pepeta maganda mekundu, halafu zitazame tena. Hii ni nafasi ya pili ya kuchambua. Bila ngozi, punje mbaya haina pa kujificha: nzuri ina rangi moja ya krimu au kahawia kidogo, mbaya ina madoa au weusi usiotokana na moto. Itoe.

Ngoja vyote vipoe kabisa. Karanga ya moto inatoa mafuta kwenye kinu na kugeuka siagi, na ukiifunga ya moto mvuke wake unalowesha chupa. Twanga giligilani, jira na pilipili kwanza, kisha karanga kwa kupigapiga polepole, na ufuta na chumvi mwishoni. Acha ukiwa bado unaona chembe. Usipeleke kwenye mashine ya kusaga, itakurudishia siagi.

Na zile zilizotolewa? Tunajua swali: "Tutupe hizi zote, na ni jasho yetu?" Zisiende kwa kuku wala bata, maana ndege wanaumia haraka. Zisiende kwa ng'ombe, sumu inapita mpaka kwenye maziwa. Zisikamuliwe mafuta. Zichomwe au zifukiwe.

Hasara hiyo ni ya kweli, na hatuoni haki imwangukie mama aliyechambua peke yake. Ushirika ukilipa bei moja kwa mfuko uliochambuliwa na usiochambuliwa, unamwadhibu mwenye bidii, na msimu ujao naye ataacha. Pima uzito baada ya kuchambua, mbele ya mwenye mali, na bei ya karanga safi iwe juu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kipimo cha Jumuiya kwa karanga ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, isizidi. Anayetaka kuvusha bidhaa Kavimvira kihalali atakutana na kipimo hicho mapema au baadaye.

Kwa kuuza, weka kwenye chupa au mifuko midogo iliyokauka na kufungwa vizuri, mbali na jua. Twangeni kidogo kidogo: ladha inadumu kama mwezi mmoja, halafu mafuta ya karanga yanachacha. Andika tarehe ya kutwanga, na kwa herufi kubwa andika kwamba ndani kuna karanga na ufuta, kwa sababu wapo watu ambao hata chembe moja inawafunga pumzi.