Kibaraza cha Kioo

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ubao wa sataranji una nyumba 64 na kete 32. Hesabu hizi mbili, zinazotazamana kama mtu na kivuli chake, zimenishughulisha kwa muda mrefu, kwa kuwa michezo hiyo, ingawa haikuzaliwa na mama mmoja, hufunzwa kwa njia moja iliyo kongwe kuliko shule: mtoto huketi kando, akanyamaza, akatazama. Katika baraza za mwambao, na kadhalika chini ya miembe ya bara, sijapata kumwona fundi wa bao akimwita mtoto na kumwambia, njoo nikusomeshe namua na mtaji, hatua mbili za mchezo huo. Mtoto hujisogeza mwenyewe, akatumwa maji, akarudi, akahesabu kete kwa macho huku akichelea kufukuzwa, mpaka siku ile mchezaji mmoja anapoitwa nyumbani, naye akaambiwa akae mahali pake.

Nayataja hayo mwanzo kwa kuwa siku hizi wazazi wengi, wakimwona mtoto ameinamia simu janja akimtazama Mmarekani au Mkroatia anayesogeza kete na kusema peke yake, hudhani kwamba mtoto anapoteza wakati wake na bando la watu. Nami, baada ya kulitafakari jambo hili, nimesadiki kwamba mtoto yule yumo barazani, baraza iliyohamia nyuma ya kioo, na kwamba lililo la kuulizwa si kwa nini anatazama, bali ni nani atakayecheza naye akishamaliza kutazama.

Chukua Idete, kata ya bonde la Kilombero iliyo upande wa machweo wa mji wa Ifakara. Safu ya Udzungwa imesimama juu ya bonde kama ukuta, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 hupita chini yake kuelekea Mlimba, na mpunga ndio kalenda ya watu, kwani ukiwa shambani hata watoto wana kazi ya kuamia ndege, na ukishavunwa ndipo vijiwe hujaa. Katika vijiwe hivyo mchezo wenye enzi ni drafti. Ubao wake ni kipande cha mbao au cha boksi kilichochorwa miraba 64, na askari wake ni vizibo vya soda, vya upande mmoja vimelala chali na vya upande wa pili kifudifudi. Mpita njia haoni ajabu yoyote hapo, lakini ubao huo ndio ule ule wa sataranji, haukupungua mraba wala haukuzidi. Kwa hiyo mtoto wa Idete amezaliwa akiukuta mchezo umeshawekewa uwanja, na kilichobaki ni jeshi na ilimu ya kuliongoza.

Jina, nalo, si geni. Wahindi wa kale, yapata karne ya 6, waliuita mchezo huu chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi wakaupokea, Waarabu wakauita shatranj, na Baghdad ya Bani Abbasi ikawa na mabingwa waliotunga vitabu juu yake, mmojawapo as-Suli wa karne ya 10. Kisha neno likavuka bahari, likawa sataranji, nalo limo katika kamusi zetu tangu zamani. Kete ambayo Wazungu waliivika kofia ya askofu, kwa Waarabu ilikuwa fil, yaani ndovu, na laiti jina hilo lingalibaki, mtoto wa Kilombero angalilishika upesi zaidi, maana ndovu walikuwa wakilivuka bonde hili baina ya Udzungwa na pori la Selous kabla haijakatwa barabara yoyote, ilhali farasi aghalabu humwona kitabuni.

Mkondo huu wa kutazama ulianza kufurika mwaka 2020. Maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, na hapa kwetu shule zikafungwa tangu Machi 17 hadi zilipofunguliwa tena Juni 29, mabingwa waliozoea kucheza kimya katika kumbi waliketi mbele ya kamera vyumbani mwao, wakawa wanarusha michezo yao mubashara kwa njia ya Twitch na YouTube. Hikaru Nakamura, mzaliwa wa Japani anayeichezea Marekani, mmoja wa wachezaji wepesi kupita wote duniani, akakusanya watazamaji kwa maelfu. Juni ya mwaka huo mtandao wa Chess.com uliandaa mashindano ya PogChamps, ambamo watu mashuhuri wa michezo ya kompyuta, wengi wao wakiwa wageni katika sataranji, walifunzwa na mabingwa hadharani, makosa yao yakionwa na kila mtu. Na Oktoba ikatoka tamthilia ya The Queen's Gambit, ya binti yatima anayefunzwa mchezo na mtunza jengo katika chumba cha chini ya ardhi. Hata katika hadithi hiyo ya kubuni, yatima yule alianza kwa kusimama na kumtazama mzee akicheza peke yake.

Basi mtoto hupata nini hasa kwa kutazama? Ukikaa kando ya fundi wa bao utauona mkono wake, wala hutauona moyo wake, kwa sababu fundi hasemi anachowaza. Akisema, husema maneno ya kumchokoza mwenziwe. Mrushaji wa matangazo hana ruhusa hiyo ya kunyamaza, maana akinyamaza watazamaji humkimbia. Hulazimika kuyatoa nje mawazo yake yote: nikimpeleka farasi huku, atanijibu kwa kitunda kile, ngome yangu itabaki bila mlinzi, basi hapana, nianze upande mwingine. Ulazima huo umetokana na biashara, lakini ndani yake imezaliwa neema ya elimu ambayo wanafunzi wa zamani hawakuijua, ile ya kumsikia bingwa akisitasita, akibuni, akikosea na kujisahihisha, badala ya kuona matokeo tu ya fikira zake.

Simwoni aliyeitumia neema hiyo kwa ukarimu kuliko Daniel Naroditsky, Mmarekani mwenye cheo cha bingwa mkuu, ambaye alikuwa akishuka kwa makusudi mpaka daraja la wachezaji wa chini, akapanda nao ngazi kwa ngazi, na katika kila mchezo akaeleza kwa upole kwa nini kete hii na si ile, na ni hofu gani iliyomo katika akili ya mpinzani. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 29, akaombolezwa na wanafunzi wa nchi nyingi ambao hawakupata kuonana naye uso kwa uso, na masomo yake yangali yapo kwa atakaye. Wapo wengine wenye namna zao. Levy Rozman wa New York, ajulikanaye kwa jina la GothamChess, hupenda kuchukua michezo ya wanaoanza, iliyojaa makosa yale yale ambayo mtoto naye huyafanya, akaichambua hatua baada ya hatua. Antonio Radić wa Kroatia, katika kanali yake ya agadmator, husimulia michezo ya kale na ya sasa kwa sauti ya mtu asiye na haraka, na afikapo penye hatua ya ajabu humtaka mtazamaji aisimamishe picha na kuitafuta mwenyewe. Shauri hilo la kusimamisha picha nalihesabu kuwa bora kuliko mengi: picha iliyosimama haidai bando jingi, na dakika zile za kimya ndizo mtoto anapogeuka kutoka mtazamaji akawa mchezaji.

Kuna sababu ya kitaalamu inayofanya kutazama kuwe na manufaa. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, wakifuata njia iliyofunguliwa na Mholanzi Adriaan de Groot, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano tu, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa aliweza kurejesha kete nyingi zilizotokana na mchezo wa kweli. Kete zilipotawanywa ovyo bila maana, ubora wake ulikaribia kutoweka, akawa karibu sawa na mwanafunzi. Maana yake ni kwamba ubingwa, kwa sehemu kubwa, ni hazina ya sura zilizokwisha kuonwa na kueleweka, kama mkulima wa bondeni atazamavyo mawingu juu ya Udzungwa na kujua yapi ni ya mvua. Mtoto atazamaye michezo mingi yenye maelezo anaweka akiba ya sura hizo, mradi awe anafikiri, si kupumbazwa na rangi na kelele.

Walakini akiba peke yake si biashara. Faustino Oro wa Argentina alifunguliwa akaunti ya Chess.com na baba yake mwaka ule ule wa 2020, wakati wa kufungiwa ndani, akiwa mtoto wa miaka 6. Machi 2024 alimshinda Magnus Carlsen, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, katika mchezo wa kasi wa mtandaoni, na kabla ya nusu ya mwaka huo kwisha alikuwa ametimiza masharti ya cheo cha bingwa wa kimataifa, mwenye umri mdogo kupita wote waliomtangulia, akiwa na miaka 10. Wasomao habari zake kwa haraka husema mtandao ndio uliomlea, wakasahau kwamba alipata walimu, akacheza mashindano ya ubaoni, na jamaa yake wakahamia Hispania kwa ajili ya mchezo huo. Kioo kilimfungulia mlango. Waliomshika mkono akaingia ndani walikuwa watu.

Jambo hili lilidhihirika karibu nasi zaidi, tena bila kioo chochote. Katwe, mtaa wa mafukara mjini Kampala, Robert Katende aliwakusanya watoto kwa uji na sataranji, na Phiona Mutesi, aliyefika pale kwa kumfuata kaka yake, alifunzwa miendo ya kete na mtoto mdogo kuliko yeye; mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Alichokuwa nacho yule binti, ambacho mtoto mwenye simu nzuri huenda asiwe nacho, ni wenzake waliokuwa wakimngojea kesho yake wamshinde au washindwe naye. Naye Tunde Onakoya wa Nigeria aliujua mchezo huu utotoni katika duka la kinyozi huko Lagos, akaanzisha Chess in Slums Africa mwaka 2018, na Aprili 2024 akacheza saa 60 mfululizo katika uwanja wa Times Square, New York, kwa ajili ya elimu ya watoto, ulimwengu ukimtazama mubashara. Kutoka duka la kinyozi hadi Times Square, mtazamaji akawa mtazamwaji.

Hatari zipo, wala sitazificha. Michezo ya dakika moja au tatu huvutia watazamaji, na mtoto akiiga kasi hiyo kabla hajajua kufikiri hujifunza kurusha kete kama karata. Kando ya ubao wa warushaji wengi mna kipimo cha kompyuta, aghalabu cha programu ya Stockfish, kinachopanda na kushuka kuonyesha nani anashinda; mtoto akikizoea hukiamini kuliko macho yake, na siku atakapocheza mahali pasipo kipimo atakuwa kama mtu aliyenyang'anywa fimbo. Maneno ya watazamaji yapitayo pembeni huwa na matusi, na mingi ya mitandao hii haimruhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe. Mzazi hana budi kuwapo. Isitoshe, warushaji husema Kiingereza cha mbio, ilhali mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, hata akawa anasikia kwa macho tu. Jambo hili linaniuma, maana lugha hii, iliyolipokea neno sataranji kabla ya reli na kabla ya simu, inastahiki kuwa na warushaji wake hodari wa kuwaeleza watoto mchezo kwa utulivu. Hata hivyo ubao wenyewe hauna lugha: safu zake ni herufi a hadi h, mistari yake ni tarakimu 1 hadi 8, na e4 ni e4 Ifakara kama ilivyo e4 Moscow.

Ama bando, ifahamike kwamba kinacholila ni picha, si mchezo. Hatua moja ya sataranji ni herufi chache tu zinazosafiri hewani, na Lichess, mtandao ulioanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, hautozi senti wala hauonyeshi matangazo ya biashara. Somo moja likipakuliwa mara moja penye mtandao mzuri laweza kutazamwa mara kumi, na watoto wanne kwa simu moja.

Na jeshi? Kreti moja ya soda ina chupa 24. Zikiongezwa 8, vizibo 32 vimetimia. Kumi na sita vilale chali, kumi na sita kifudifudi, kama katika drafti, na kila kimoja kiandikwe herufi kwa kalamu ya wino mzito: F kwa farasi, N kwa ngome, A kwa askofu au, akipenda mwandishi wake, picha ya mkonga wa ndovu, vitunda viachwe vitupu. Mfalme na malkia huanza kwa herufi moja, basi mfalme achorwe taji. Ubao umo kijiweni tayari, chini ya mwembe, na wenyewe huuacha wazi asubuhi wakati wakubwa wamekwenda mashambani. Mtoto aliyetazama atapanga vizibo vyake, na mwenziwe apitaye na ndoo ya maji kichwani atasimama na kuuliza kwa nini chenye F kinaruka wenzake.