Wikipedia na TFC yako ya historia

Siku nilitetea TFC yangu, profesa mmoja aliniuliza: «Hii habari ulitoa wapi?» Nikajibu: «Kwa Wikipedia.» Akaongeza: «Na Wikipedia yenyewe ilitoa wapi?» Nikanyamaza.

Wikipedia ilianza mwaka 2001, na karibu kila mtu anaweza kuandika humo. Kwa makala zinazosomwa sana, makosa yanasahihishwa haraka. Lakini historia ambayo watu wachache wanaijua inaweza kukaa na uongo miaka mingi. Mwaka 2022 iligunduliwa kama mtu mmoja, kwenye Wikipedia ya Kichina, aliandika makala zaidi ya 200 za uongo juu ya historia ya Urusi: vita, hata mgodi wa feza, vitu ambavyo havikuwako. Aliweka marejeo mengi, njo maana watu waliamini.

Sasa mimi nafanya hivi. Naanza na Wikipedia, sikatai. Kisha nashuka kwa marejeo, natafuta kitabu chenyewe. Nafungua «Historique» nione nani alibadilisha nini, na «Discussion» nione wanabishana juu ya nini. Mwisho najiuliza: mwandishi alikuwa upande gani? Kifo cha Mwami Msiri kule Bunkeya, 20 Desemba 1891, kilielezwa na Moloney, daktari wa msafara uleule uliomuua. Bayeke nao wako na masimulizi yao. Soma pande zote mbili, njo uandike.

Na wewe, wakikuuliza «ulitoa wapi?», utajibu nini?