Mizani Mkononi mwa Sanamu

Neno "dinari" si geni kwa Waislamu. Limetajwa katika Kurani Tukufu, Sura Aali Imran, panapozungumzwa habari ya amana. Asili yake ni neno la Kirumi "denarius", jina la sarafu ya fedha ambayo Warumi walianza kuipiga yapata mwaka 211 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Mwanzoni ilikuwa sawa na sarafu kumi za shaba, ndipo ikapata jina hilo.

Warumi walikuwa washirikina, na ushirikina wao waliutia hata mifukoni. Sarafu za awali zilikuwa na kichwa cha Roma, mungu wa kike wa mji wao, amevaa kofia ya vita yenye mbawa. Baadaye wakaja wengine: Victoria wa ushindi, na Juno Moneta, ambaye karibu na hekalu lake ndipo fedha zilipopigwa.

Ila aliyetustaajabisha zaidi ni Aequitas, mungu wa uadilifu, asimamaye ameshika mizani, kana kwamba awaambia watu: hapa hamna hila. Je, ilikuwa kweli? Mwaka 64 mfalme Nero aliipunguza sarafu uzito na kuizidishia shaba. Zama za Septimius Severus (193–211) fedha safi ilikuwa imebaki kama nusu. Ilipofika miaka ya 260, sarafu iliyoshika mahali pake haikuwa na fedha hata sehemu tano katika mia. Na Aequitas angali amesimama juu yake na mizani yake! Bei zikapanda mno, hata mwaka 301 mfalme Diocletian akatoa amri ya kuziwekea kikomo.

Mwaka 77 Hijiria (696–697), Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alitoa dinari ya dhahabu isiyo na sanamu yoyote, ila maneno ya Tauhidi. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini, enyi vijana, tusidanganyike: kama sanamu ya mizani haikuwafanya Warumi waaminifu, maandishi matukufu nayo hayamtakasi mwenye kupunja. Sura Al-Mutaffifin yatuonya sisi pia. Uadilifu hauchorwi juu ya sarafu. Hukaa katika mkono unaopima, na katika moyo unaomcha Mwenyezi Mungu.