Teatro katika ghala ya samaki

Mji mdogo wa Provincetown uko pwani ya Massachusetts, huko Marekani. Zamani wenyeji walikuwa hasa wavuvi, na wengi wao Wakatoliki wenye asili ya Ureno. Wakati wa joto waandishi wa New York walikuja kukaa kati yao. Mwaka 1915 baadhi yao, waliochoshwa na michezo ya kuigiza iliyotafuta feza tu, wakaanza kuandika yao wenyewe.

Kwanza walicheza nyumbani kwa mmoja wao. Mchezo mmoja ulichezwa barazani. Ulipokwisha, watazamaji wakageuza viti, na wa pili ukachezwa ndani. Kisha bibi Mary Heaton Vorse akawapa ghala kuukuu ya samaki, juu ya gati lake. Wakatoa nyavu na mashua, wakaweka mabenchi ya mbao. Nyuma ya jukwaa palikuwa na mlango mkubwa: ukifunguliwa, bahari yenyewe ilionekana.

Hapo, tarehe 28 Julai 1916, ulichezwa mchezo wa Eugene O'Neill, kijana aliyewahi kuwa baharia. Unaitwa Bound East for Cardiff. Baharia Yank anakufa melini, katikati ya ukungu. Hakuna padri. Anaogopa hukumu ya Mungu kwa ajili ya mtu aliyemwua zamani katika ugomvi. Rafiki yake Driscoll anamfariji awezavyo. Kiisha anapiga magoti, afanya ishara ya msalaba, na midomo yake yatafuta sala aliyoisahau nusu. Usiku ule ukungu wa kweli ulikuwa bandarini, na maji yalisikika chini ya sakafu.

Pengine katekista anayetayarisha mchezo wa Noeli atauliza: michezo hiyo walipata wapi? Susan Glaspell aeleza. Mume wake, George Cram Cook, alimwambia kwamba wanahitaji mchezo wake. Yeye hakuwa nao. Akaenda kukaa peke yake mbele ya jukwaa tupu, akilitazama, hata akaona jiko la nyumba ya shamba. Ndipo akakumbuka kesi ya uuaji aliyoiandikia gazeti huko Iowa. Ukazaliwa Trifles, uliochezwa Agosti 1916. Wengi humsifu O'Neill peke yake, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1936. Mimi naona habari hii ya bibi Glaspell yafundisha zaidi, kwani jukwaa lilitangulia, mchezo ukafuata.

Septemba 1916 wakaandika sheria zao, wakahamia New York. Gati lile haliko tena.