Vinara wa Yungiyungi la Manjano

Mkongwe wa chotara zote ni 'Apricot'. George Yeld, mwalimu wa shule mjini York, Uingereza, alilipata mwanzoni mwa miaka ya 1890, nalo ndilo linalofungua historia ya uzalishaji wa Hemerocallis, yungiyungi ambalo kila ua lake huishi siku moja tu, kama hibiskasi. Lilikuwa la manjano, na si ajabu: spishi nyingi za mmea huu, wenye asili ya Asia ya Mashariki, ni za manjano au rangi ya chungwa. Hapo ndipo penye ugumu. Anayetaka ua jipya jekundu ana njia ndefu mbele yake, lakini anayetaka la manjano anaanzia pale ambapo maumbile yalishafika zamani. Upya wake lazima autafute kwingine: kimo, harufu, au urefu wa msimu.

Kwa uvumilivu, simwoni wa kumshinda Arlow Burdette Stout. Aliingia Bustani ya Mimea ya New York mwaka 1911, na kwa miongo kadhaa alichavusha maua kwa mkono zaidi ya mara 50,000. Aina alizozipa majina hazikufika mia. Ni hesabu inayosisimua, kwa sababu kila jaribio lina gharama yake. Asubuhi unapaka chavua ya ua moja kwenye stigma ya jingine, unafunga kikaratasi chenye majina ya wazazi, unasubiri tumba la mbegu likauke. Mbegu ni nyeusi, zinang'aa. Mche hutoa ua la kwanza baada ya miaka miwili au mitatu, na mara nyingi ua hilo halina jipya, basi mche unang'olewa. Ukipata linalofaa, mbegu zake hazitarudisha sura ileile. Utaliongeza kwa kugawa shina, kidogo kidogo.

Stout ndiye pia baba wa mojawapo ya marefu mashuhuri: 'Autumn Minaret' la mwaka 1951, lenye mabua yanayopita mita moja na nusu.

Kwa harufu nampa ushindi 'Hyperion', la manjano ya limau, lililotoka Indiana, Marekani, mwaka 1924 na bado linapandwa. Hilo ni jambo kubwa kwa ua la bustani.

Lililobadilisha bustani nyingi zaidi, hata hivyo, ni fupi sana. 'Stella de Oro' la Walter Jablonski, lililosajiliwa mwaka 1975 huko huko Indiana, lina kimo cha sentimita 30 hivi na ua la sentimita 7. Siri yake ni kurudia kuchanua: mabua mapya hutoka wakati aina nyingine zimeshamaliza. Mwaka 1985 lilipata Medali ya Stout, tuzo ya juu kabisa ya yungiyungi hizi. Mtoto wake mashuhuri, 'Happy Returns' la Darrel Apps, lilifuata mwaka 1986 likiwa na manjano iliyopoa zaidi.

Kwa unene wa petali kuna 'Mary Todd' la Orville Fay, 1967. Ni la kizazi kilichotokana na dawa ya kolchisini, ambayo huongeza kromosomu kutoka 22 hadi 44, na majani, mabua na maua yote yakanenepa.

Aina zilizosajiliwa leo zinapita 90,000, na bado naamini nafasi ipo. Ningeanza na harufu ya 'Hyperion' juu ya tabia ya 'Stella de Oro' ya kurudia, nikilenga bua linalofika kiunoni. Wazazi hao wote wana kromosomu 22, kwa hiyo wanazaa bila shida. 'Mary Todd' ningelitenga kitalu chake, maana lenye 44 likichavushwa na lenye 22, mbegu hupatikana kwa nadra mno.