BANGI HALALI, BANGI HARAMU: Sheria za Jimbo la Colorado na Mipaka Yake

Mmea wa bangi si mgeni kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki. Hata jina lake lilivuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi, na sheria za nchi zetu zimeukataza kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu asikiapo kwamba katika jimbo la Colorado, nchini Marekani, bangi huuzwa dukani mchana kweupe na risiti ikatolewa, hudhani kwamba huko imekuwa bidhaa kama chai au tumbaku. Dhana hiyo ina makosa, na kosa lake laweza kumgharimu mtu kazi, hati za ukaazi, na hata uhai. Makala haya yanakusudia kueleza sheria hizo zinaruhusu nini, zinakataza nini, na sayansi ina nafasi gani katika kuipima mipaka hiyo.

Kemikali zilizomo

Mmea huu, uitwao kitaalamu Cannabis sativa, una kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zinazotajwa zaidi katika sheria. Ya kwanza ni tetrahidrokanabinoli, iitwayo kwa kifupi THC, ambayo ndiyo hulevya. Wataalamu wawili wa Israel, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, waliitenga mwaka 1964. Ya pili ni kanabidioli, au CBD, ambayo hailevyi.

Mwaka 1988 watafiti waligundua kwamba ubongo una vipokezi maalumu ambavyo THC hujishikiza kwavyo, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Vipokezi hivyo vimeenea katika sehemu zinazotawala kumbukumbu, mwendo wa viungo, maumivu na hamu ya chakula. Ndiyo sababu kemikali ile ile imtulizayo mgonjwa anayetapika humfanya dereva achelewe kukanyaga breki.

Mlango wa kwanza: tiba

Wapiga kura wa Colorado waliifungua bangi ya tiba katika uchaguzi wa Novemba 2000, kwa kuirekebisha katiba ya jimbo lao. Magonjwa na hali zilizokubaliwa ni pamoja na saratani, UKIMWI, glakoma ya macho, kifafa, maumivu makali, kichefuchefu kikali, na mikakamao ya misuli. Baadaye orodha iliongezwa. Kwa mfano, mwaka 2017 uliingizwa ugonjwa wa akili unaowapata watu walionusurika vita au maafa.

Yafaa ieleweke kwamba daktari wa Colorado haandiki bangi kama aandikavyo vidonge vya malaria. Bangi ya dukani si dawa iliyoidhinishwa na Serikali ya Shirikisho. Kwa hiyo daktari huthibitisha tu kwamba mgonjwa ana hali inayokubaliwa na kwamba huenda akafaidika. Kwa uthibitisho huo mgonjwa huomba kitambulisho kutoka idara ya afya ya jimbo. Mtoto aliye chini ya miaka 18 naye aweza kukipata, iwapo madaktari wawili wameafiki na wazazi wake wametoa idhini.

Hali kadhalika, tusichanganye bangi ya dukani na dawa zilizotengenezwa kutokana na kemikali zake. Mwaka 2018 Serikali ya Shirikisho iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye CBD safi, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Dawa hiyo ilipita majaribio ya kitabibu, na kipimo chake hujulikana kwa miligramu. Maua makavu ya bangi hayana uhakika wa namna hiyo.

Mlango wa pili: starehe

Mnamo Novemba 2012 wapiga kura walirekebisha katiba kwa mara nyingine, na tarehe 1 Januari 2014 maduka ya kwanza ya bangi ya starehe yalifunguliwa. Mlango huu ni wa watu waliotimiza miaka 21. Mtu mzima aruhusiwa kuwa na aunsi mbili za maua, yaani gramu 57 hivi. Kabla ya mwaka 2021 kiasi kilikuwa aunsi moja. Nyumbani aweza kupanda miche sita, na isiyozidi mitatu kati ya hiyo iwe imetoa maua. Miche yote ya nyumba moja isizidi kumi na miwili, nayo ifungiwe mahali pasipofikika na watoto. Kuuza bila leseni ni kosa.

Kuvuta hadharani pia ni kosa, iwe barabarani, bustanini au katika viwanja vya michezo ya theluji. Ni kumbi chache tu zenye leseni zinazoruhusiwa. Aidha, miji na wilaya zina mamlaka ya kuyakataa maduka haya. Mji wa Colorado Springs, kwa mfano, ulikubali bangi ya tiba lakini ukaikataa ile ya starehe hadi wapiga kura wake walipobadili uamuzi mwaka 2024.

Milango hii miwili hutofautiana pia katika kodi. Mnunuzi wa starehe hulipa kodi maalumu ya jimbo ya asilimia 15, ilhali mgonjwa mwenye kitambulisho hulipa kodi ya kawaida ya asilimia 2.9, kodi za miji huongezwa juu yake. Sehemu ya mapato ya bangi ya starehe hutumika kujenga shule.

Biskuti na saa mbili

Moshi wa bangi hufika ubongoni kwa dakika chache. Iliyotiwa katika chakula hupitia kwanza tumboni na katika ini, na yaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili kabla nguvu yake haijajitokeza. Mlaji asiyejua hungoja, haoni kitu, kisha huongeza.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Machi 2014, miezi mitatu tu baada ya maduka kufunguliwa. Kijana wa miaka 19 alipewa biskuti na rafiki yake aliyekuwa na umri wa kununua. Biskuti ile ilikuwa na miligramu 65 za THC, zaidi ya vipimo sita vya mtu mmoja. Alikula kipande kimoja kama alivyoshauriwa. Kati ya nusu saa na saa nzima hakuona badiliko lolote, akamaliza iliyobaki. Baadaye alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kufanya fujo, akaruka kutoka ghorofa ya nne, akafa.

Baada ya hapo masharti yalikazwa. Vyakula vya bangi ya starehe hugawanywa katika vipimo vya miligramu 10 za THC, na pakiti nzima haizidi miligramu 100. Kila kimoja hutiwa alama maalumu ya tahadhari, na ni marufuku kuvitengeneza kwa maumbo ya watu, wanyama au matunda, yavutiayo watoto.

Damu na usukani

Tangu mwaka 2013 sheria ya Colorado husema kwamba dereva akikutwa na nanogramu 5 za THC au zaidi katika kila mililita ya damu, mahakama yaweza kuchukulia kwamba alikuwa amelewa. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara elfu milioni. Kitambulisho cha mgonjwa si kinga.

Kipimo hiki kina ubishi wa kisayansi. Pombe huyeyuka katika maji, na kiasi chake katika damu hulingana kwa kadiri nzuri na ulevi wa mnywaji. THC huyeyuka katika mafuta: hushuka upesi katika damu ilhali ulevi ungalipo, na kwa mtumiaji wa kila siku hubaki mwilini kidogo kidogo kwa siku nyingi. Ndiyo sababu sheria humruhusu dereva kuleta ushahidi wa kupinga, na polisi nao hutegemea pia namna alivyoendesha na alivyojibu maswali.

Sheria mbili juu ya ardhi moja

Yote tuliyoeleza ni sheria ya jimbo. Juu yake iko sheria ya Shirikisho ya mwaka 1970, iliyoiweka bangi katika daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa, pamoja na heroini. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri lililotoka California, kwamba ruhusa ya jimbo haiizuii Serikali ya Shirikisho kuitekeleza sheria yake, hata kwa mgonjwa aliyejipandia mwenyewe. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ihamishiwe daraja la tatu. Lakini hata daraja hilo ni la dawa zinazodhibitiwa, wala halihalalishi maduka ya starehe.

Matokeo yake ni ya kila siku. Katika hifadhi za taifa, ambazo ni ardhi ya Shirikisho, ruhusa ya Colorado haina nguvu. Kuivusha bangi mpaka wa jimbo ni kosa, hata kama jimbo la pili nalo limeihalalisha. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Colorado ilishughulikia shauri la mfanyakazi aliyepooza, mwenye kitambulisho halali cha mgonjwa, aliyeachishwa kazi baada ya kupimwa, ingawa alitumia bangi nyumbani nje ya saa za kazi. Mahakama iliamua kwamba sheria ya kumlinda mfanyakazi hulinda lile tu lililo halali kwa jimbo na kwa Shirikisho pia. Alishindwa.

Wasemaji wa Kiswahili waishio Denver na Aurora, wengi wao wakiwa wametoka Kongo na nchi jirani, wana sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Uhamiaji na uraia ni mambo ya Shirikisho. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 ulieleza wazi kwamba kutumia bangi, au kufanya kazi katika biashara yake, kwaweza kumzuia mwombaji asionekane mwenye tabia njema itakiwayo kwa uraia, hata kama alichofanya kiliruhusiwa na jimbo. Si lazima awe amehukumiwa. Kukiri kwake tu mbele ya afisa kwaweza kutosha. Kijana azaliwaye Denver na binamu yake aliyefika kama mkimbizi waweza kuingia duka moja, wakanunua kitu kimoja kwa bei moja, na mmoja wao tu akatoka na hatari hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiulizwa na jamaa aliye safarini iwapo bangi ni halali Colorado, usimjibu kwa neno moja. Muulize kwanza: una umri gani, kiasi gani, ni ya tiba au ya starehe, utakuwa kwenye ardhi ya nani, nani amekuajiri, na pasipoti yako ni ya nchi gani? Akikosa jibu la moja kati ya hayo, amtafute mwanasheria kabla ya kulitafuta duka.