Noti yenye nyuso mbili na lugha kumi

Sisi wa kitivo cha lugha tumezoea kutafuta matini vitabuni. Leo napendekeza tusome noti: ile ya krone 20 iliyotolewa na Benki ya Austria-Hungaria mwaka 1900.

Kwanza, kazi ya mikono. Noti nyingi bora za Ulaya katika karne ya 19 zilipigwa chapa kwa bamba la shaba au la chuma cha pua. Mchongaji alikata mistari ndani ya bamba, kila herufi ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Wino ulijazwa katika mifereji hiyo, uso wa bamba ukapanguswa, kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa kwa nguvu mpaka ikauvuta wino. Mistari ilibaki imeinuka kidogo, hata kidole kiliweza kuisikia. Nywele, majani, mistari iliyosokotana: yote hayo yalikuwa ya kumchosha mghushi, na herufi nazo vilevile.

Nafasi kwenye bamba ilikuwa finyu, na kuigawa kulikuwa siasa. Tangu mapatano ya 1867, Austria na Hungaria zilikuwa dola mbili chini ya mfalme mmoja. Benki yao ilikuwa moja, yenye makao Vienna na Budapest. Basi noti ikapewa nyuso mbili, mmoja wa Kijerumani, mwingine wa Kihungari, ili asiwepo wa kusema amewekwa nyuma.

Kwenye uso wa Kijerumani kiasi kimerudiwa kwa herufi ndogo katika lugha nane: Kicheki, Kipolandi, Kiruteni, Kiitaliano, Kislovenia, Kikroatia, Kiserbia na Kiromania. Uso wa Kihungari una Kihungari peke yake. Waslovakia, walioishi upande wa Hungaria, hawakupata hata neno moja.

Kinachonigusa zaidi ni sentensi ya benki inayoahidi kumlipa mwenye noti kwa sarafu za madini mara tu atakapodai. Imeandikwa kwa Kijerumani na Kihungari tu. Mkulima Mruteni aliyejua kusoma aliweza kuona kwamba ana ishirini mkononi. Haki yake juu ya hizo ishirini ilikuwa katika lugha ya wengine.

Franka zetu hutaja kiasi kwa Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Onyo kwa mghushi, pamoja na adhabu yake, limeandikwa kwa Kifaransa.